Kikohozi Nyuma ya Makuti

Mpaka unafika mwaka ule wa nyota yenye mkia, Kahonzi alikuwa amezungumza na mkwewe Mwambire kwa muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kukua na kuvunja ungo, na katika muda wote huo hakuwahi hata siku moja kumtazama usoni. Si kwamba walikuwa na ugomvi. La hasha! Walipendana sana, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu.

Kahonzi alizaliwa upande wa Kaloleni. Huko alisoma shule ya misheni mpaka akajua kusoma Biblia na kuandika jina lake, kisha akaolewa na kuletwa Kibarani, Kilifi. Ukristo aliushika kwa mikono miwili, lakini heshima ya mkwe hakuiweka chini. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani, hawapeani mikono, hawali pamoja, wala hawatajani majina. Vijana wa siku zile walikuwa wamekwisha kuilegeza desturi hiyo. Ulikuwa ukimwona kijana amekaa benchi moja na mama mkwe wake hospitalini, wanagawana karanga. Kahonzi akiona mambo hayo alikuwa akigeuza uso, akiona haya kwa niaba yao.

Utaratibu wake yeye na Mwambire ulikuwa hivi. Mwambire akija, hukohoa akiwa bado penye mpapai. Kahonzi akisikia, hujitanda leso mpaka machoni, akaingia jikoni kwake, jiko la kando lenye kiambaza cha makuti, akaketi. Mwambire naye hukaa kwenye kigoda upande wa nje. Makuti yako katikati. Hapo ndipo mazungumzo huanza, lakini si baina ya watu wawili, maana hiyo ingekuwa ni kukosa adabu. Kila mmoja humwambia mbuzi, yule mbuzi jike mzee aliyekuwa akifungwa mlangoni pa jiko.

"Ewe mbuzi," Kahonzi husema, "muulize mume wa Kache kama mtoto amepoa homa."

"Mbuzi," hujibu sauti ya nje, "mwambie mama kwamba mtoto amepoa, jana alikula mpaka akalamba sufuria."

Kwa njia hiyo walikuwa wamepanga harusi mbili, wakazika watu, wakagawana shamba la mihogo bila kukwaruzana. Mbuzi hakuwahi kupotosha neno.

Kache alikuwa binti wa pekee wa Kahonzi, na Mwambire, mumewe, ndiye aliyekuwa katekista wa kanisa la Kibarani, kanisa ambalo makasisi wake huoa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha watoto wanaojitayarisha kwa kipaimara, wakae imara mpaka askofu aje awawekee mikono. Na mwaka huo askofu alikuwa anakuja, Jumapili ya wiki hiyo hiyo, katikati ya mvua za masika. Askofu si muuza samaki, useme leo umemkosa na kesho asubuhi atapita tena. Waliokosa mara iliyotangulia walikaa wakingoja mpaka wengine wao wakaja kuwekewa mikono huku wamebeba watoto mgongoni.

Ndiyo maana gauni jeupe la Hannah lilikuwa limetundikwa msumarini, na Kahonzi alikuwa akilipiga pasi kila siku, ingawa halikuwa limevaliwa bado. Hannah alikuwa mjukuu wake, mtoto wa mwanawe Fondo aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Alimlea tangu alipoachishwa ziwa. Kimo chake sasa kilikuwa kimempita bibi yake, na shingo yake ilikuwa ndefu, ya kujivuna kidogo, ambayo watu wote walijua imetoka wapi.

Jumatano jioni Hannah alirudi kutoka kwenye mafundisho akiwa ameloa, akakaa chini jikoni. Paa lilikuwa likivuja mahali pale pale pa siku zote. Kavumbi, fundi wa kuezeka, alikuwa ameahidi kuja kulitazama tangu mahindi hayajafika magotini, na sasa mahindi yalikuwa yakitoa ndevu. Hannah alisogeza sufuria ichukue matone, kisha akasema:

"Hawe, Jumapili sitapata kipaimara."

Hawe ndivyo Wagiriama wamwitavyo bibi. Kahonzi aliendelea kusonga sima.

"Umefanya nini?"

"Sikufanya. Nimesema."

"Basi umesema nini?"

"Katekista alituuliza, Mungu ameweka viumbe hai wapi. Charo akasema, baharini. Mwenziwe akasema, nchi kavu na angani, ndege. Mimi nikanyoosha mkono nikasema, na yamkini kwenye nyota nyingine pia."

"Yamkini?"

"Yamkini, Hawe. Sikusema wapo. Darasa zima likacheka. Charo akauliza kama nao wana mikia kama ile nyota iliyopita. Katekista akaniambia nisimame mbele ya wenzangu niseme hakuna. Nikamwambia siwezi kusema hakuna, kwa sababu sijui kama hakuna."

"Ukamwambia hivyo mbele ya watoto?"

"Kwa heshima, Hawe."

"Heshima gani hiyo yenye shingo ndefu?" alisema Kahonzi, lakini aligeukia moto upesi ili mtoto asione mdomo wake unataka kucheka. "Haya, kisha?"

"Akasema mpaka nisimame niseme hakuna, jina langu halitasomwa mbele ya askofu."

Sima iliiva. Kahonzi akaitoa, akaiweka kwenye sahani, akaipiga kwa mwiko mpaka ikawa duara. Kupitia mlangoni akalitazama gauni msumarini kule nyumbani.

"Si ukaseme tu? Neno moja, mama yangu. Ukisha kulisema, unawekewa mikono ya askofu kichwani, na nyota zinabaki juu kama zilivyokuwa."

"Wewe ungelisema?"

Kahonzi aliufuta mwiko kwa kidole. Alijua hangelisema. Alijua pia kwamba mtoto anajua.

"Kula," akasema mwishowe. "Hili niachie. Nitazungumza na mbuzi."

Lakini Kahonzi hakuwa mtu wa kwenda kwenye neno mikono mitupu. Kesho yake, baada ya shule kufungwa, alikwenda kwenye nyumba za walimu kumwona Mwalimu Jedida, mwanamke kijana kutoka bara aliyekuwa akimfundisha Hannah sayansi. Alimkuta barazani na ungo wa mchele mapajani, anachagua.

"Shikamoo, mama," alisema Jedida, akajaribu kuinuka na ungo wake.

"Marahaba, mwanangu, kaa. Nipe upande mmoja wa ungo nikusaidie, mikono yangu haijui kukaa bure."

Wakachagua wote wawili. Kahonzi akaeleza kisa kizima. Jedida akakunja uso.

"Ni mimi nilimfundisha," alisema. "Walipoona ile nyota ya mkia alfajiri, waliuliza maswali wiki nzima. Nikawaambia karibu nyota zote tunazoona ni majua, kama jua letu, ila ziko mbali. Na jua letu lina sayari zinazolizunguka, hii yetu ikiwa mojawapo. Kwa hivyo wataalamu wengi wanafikiri hata majua mengine yana sayari zake."

"Wameziona?"

"Hapana. Bado hata moja. Ni kufikiri tu."

"Na hayo majua ni mangapi?"

Jedida aliokota punje moja ya mchele, akaiweka kwenye kiganja cha Kahonzi. "Jua letu ni hii. Sasa ukitaka kuweka punje moja kwa kila jua, mchele wa Kilifi yote hautoshi. Wa Mombasa nao hautoshi."

Kahonzi akaitazama ile punje. Halafu akautazama ungo. Halafu akaokota fukusi mmoja mweusi aliyekuwa akitembea kandokando, akamtupa nje.

"Mwalimu, mimi nimechagua mchele tangu sijaota meno ya ukubwa. Sijapata kuona gunia zima lina fukusi kwenye punje moja, basi."

Jedida alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Lakini ngoja, mama. Hao wa gunia moja wanakaa pamoja, wanatambaliana. Nyota ziko mbalimbali. Fukusi wa hapa hawezi kutambaa mpaka Nairobi."

"Nairobi hakuna fukusi?"

"Wako, tena wengi."

"Walitambaa kutoka hapa?"

"Hapana, lakini…" Jedida akafikiri kidogo. "Lakini mchele wa Nairobi ni mchele, kama huu. Sisi hatujui huko kwingine kuna mchele ama kuna mawe. Kuna mtambo Wamarekani waliupeleka mpaka Mirihi, ile sayari nyekundu inayoonekana kama nyota. Ukachota mchanga, ukaupima. Haukupata kitu chochote cha kuaminika kwamba kiko hai."

"Ulichimba kina gani?"

Jedida alionyesha kwa mkono wake, akaugusa juu kidogo ya kifundo cha mkono.

"Mwanangu, ukichimba kina hicho hapa Kibarani utasema Kilifi haina maji."

"Ni kweli. Na tena kuna visima watu wamechimba mpaka chini kabisa, vikatoka vumbi."

"Hilo nalo kweli," alikubali Kahonzi, maana alikuwa amewahi kuviona vya namna hiyo, na hakupenda kushinda kwa kufumba jicho moja. Akaendelea kuchagua. "Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mama. Hakuna anayejua. Lakini ukiniuliza kwa moyo wangu, nitakwambia ni vigumu kwangu kuamini tuko peke yetu." Kisha Jedida akapunguza sauti. "Nikuombe kitu. Mwambie Hannah aombe msamaha, yaishe. Mimi ni mgeni hapa. Watu wakisema kuna mwalimu ametoka bara kuja kuharibia watoto dini, nitakwenda wapi?"

"Jina lako halitatajwa. Mbuzi wangu hana umbeya."

Jedida hakuelewa mbuzi ameingia wapi, na Kahonzi hakuwa na nafasi ya kumweleza. Alikuwa amekwisha kusimama na kujifunga leso. Njia nzima alitembea kama mtu aliyebeba kitu kizuri chini ya nguo.

Ijumaa mchana alimtuma Hannah kwa shangazi yake Kache: mwambie mumeo nina neno na mbuzi, apite jioni. Hannah akarudi na jibu kwamba atapita. Kahonzi aliingia naye jikoni akaanza kutwanga, huku akiyapanga maneno yake, la kwanza liende mbele na la mwisho lifunge mlango. Mvua ikaanza tena, ikapiga paa, ikapiga majani ya mpapai, na kinu nacho kikapiga. Katikati ya kelele zote hizo, akasikia kikohozi nje.

Sikio la anayengoja husikia linachongoja. Kahonzi aliacha mchi, akajitanda leso mpaka machoni, akaketi akiwa ameuelekea ukuta wa makuti. Akasikia kigoda kikilia kwa uzito wa mtu.

"Ewe mbuzi," alianza, "mwambie mume wa Kache ahsante kwa kuja na mvua hii."

Kimya. Mbuzi akacheua. Kahonzi hakushangaa, alijua mkwewe ana kinyongo, na mwenye kinyongo huanza kwa kunyamaza.

"Haya, mbuzi. Mwambie kuna mtoto amesema yamkini. Hakusema wapo. Na mimi nimekaa na neno lake siku mbili, nimelipekua kama mchele, sikuona jiwe ndani yake. Mbuzi, majua ni mengi kuliko punje za Kilifi na Mombasa. Mkulima gani anayelima shamba lisilo na mpaka, kisha akapanda kwenye shimo moja tu, mengine yote akayaacha yaote upepo? Hata mimi mvivu nisingefanya. Basi nimdhanie Mungu hivyo?"

Nje mtu alikohoa kidogo tena, lakini hakujibu.

Kahonzi akaona maneno yanaingia. Akausogelea ukuta, akalainisha sauti.

"Mbuzi, mimi namjua mume wa Kache. Si mtu mkali. Ni hofu. Anaogopa askofu atawahoji watoto mwenyewe, na mmoja akianza habari za nyota, aibu itakuwa ya mwalimu wao. Na anataka askofu amwone vizuri, kwa sababu moyo wake unataka kupelekwa chuoni asomee ukasisi. Kache ameniambia. Hajamwambia mtu mwingine, kwa kuogopa kuchekwa na watu kwa umri wake. Mwambie hilo ni jambo jema na namwombea usiku na mchana. Lakini asilijenge juu ya mgongo wa mtoto."

Alimaliza. Alihisi amesema vizuri. Mvua ilikuwa imepungua, na katika utulivu huo, kutoka mbali, penye mpapai, kikohozi kingine kikasikika. Kikavu, kifupi, cha mtu mwenye adabu. Kikohozi alichokijua kwa miaka yote ile.

Kahonzi alirudi nyuma, mbali na ukuta.

"Nani huyo nyuma ya makuti?" aliuliza, na safari hii hakumwambia mbuzi.

"Mimi, Kavumbi," ilijibu sauti nzito ya tumbaku. "Nimekuja kutazama paa."

"Kavumbi! Mbona hukusema?"

"Nisemeje, bibi? Nimefika nimekuta unazungumza na mbuzi. Nikasema, mtu mzima hakatizi mazungumzo ya watu." Kisha Kavumbi akainua sauti, akamkaribisha aliyekuwa akija. "Karibu, katekista, karibu usije ukalowa! Hapa tumekwisha kuanza. Kumbe unataka kuwa kasisi? Mbona umetuficha? Hilo si jambo la kuficha!"

Kama kungekuwa na shimo pale jikoni, Kahonzi angeingia na kujifukia mwenyewe. Kavumbi ndiye aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko yote Kibarani. Alikuwa akipanda mapaa ya watu, na kila alipopanda aliyamwaga aliyoyasikia kwenye paa lililotangulia. Siri ya mkwewe alikuwa amemkabidhi yeye, kwa mikono yake mwenyewe, na utamu wa sauti juu yake.

Mwambire alifika akasimama nje. Kahonzi alisikia maji yakichuruzika kutoka kwenye mwavuli wake.

"Mbuzi," alisema Mwambire hatimaye, na sauti yake ilikuwa baridi, "mwulize mama jambo moja. Alipokuwa akisema, alikuwa na hakika ni mimi niliyekaa hapa?"

"Mwambie ndiyo," alisema Kahonzi kwa sauti ndogo.

"Hakika kabisa?"

"Kabisa."

"Basi mama ameona. Mtu husikia kikohozi kimoja kwenye mvua, akili yake ikamjazia mengine yote: uso, jina, mkwe mzima. Kumbe siye. Ndivyo wafanyavyo wanaosema kuna watu kwenye nyota. Na mjukuu wake anataka nimpeleke mbele ya askofu na habari za namna hiyo."

"Lo!" alisema Kavumbi, akajipiga goti kwa kiganja. "Hapo amekufunga, bibi."

Kahonzi alikaa na leso yake usoni. Ndani ya leso mlikuwa na joto, na harufu ya moshi, na aibu. Jibu la Mwambire lilikuwa jibu zuri, hakuweza kulikana. Alilitazama upande huu na upande huu, kama mtu anayeligeuza dafu kutafuta pa kulitoboa. Alikuwa amekosea, tena vibaya. Alikosea mtu, akakosea adabu, akamwaga siri ya nyumba ya bintiye. Lakini kadiri alivyolitazama kosa lake, aliona lina mwisho. Kosa lilifika mahali likasimama, halikupita hapo.

"Mbuzi," alisema, na sauti yake ikaanza kurudi, "mwambie mume wa Kache nimekosa. Kuku mweupe, yule mtetea wa mayai, ni wake, akaondoe aibu niliyomtia. Hilo la kwanza. La pili, mwambie hivi: nilikosea ni nani. Sikukosea kwamba kuna mtu."

Akausogelea tena ukuta.

"Huo uso nilioujaza, jina nililolijaza, ni ujinga wangu, nayakubali yote. Huenda hao wa huko, kama wapo, hawafanani na chochote tukijuacho. Huenda ni kama chawa, huenda ni kama ukungu wa kwenye mtungi. Mimi sijui. Lakini mbuzi, mwulize: ningekaa hapa ndani nikasema nje hakuna kitu, kwa sababu tu sikuona, hapo si ndipo ningekosea zaidi?"

"Haya," alisema Kavumbi polepole. "Hilo nalo limekaa mahali pake. Mimi huwamwagia koma, wazee wetu waliokufa, tembo la mnazi na unga, na sijapata kuona hata mmoja akija na kata yake. Wala siachi."

"Wewe Kavumbi nyamaza, usinitie koma zako kwenye neno la kanisa," alisema Kahonzi.

Ndipo kikatokea kitu ambacho Kahonzi hakuwahi kukisikia katika miaka yote ile. Mwambire alicheka. Kilikuwa kicheko cha kuvunjika, cha mtu aliyejizuia mpaka akashindwa, na kilikuwa chembamba, cha kitoto, hakikufanana kabisa na kikohozi chake. Kahonzi akawaza: kumbe, hata huyu niliyedhani namjua.

"Mbuzi," alisema Mwambire alipopata pumzi, "mwambie mama ni kweli. Ninaogopa. Askofu ana desturi ya kumtoa mtoto mmoja mbele na kumhoji. Akimtoa huyu, mimi nitasimama wapi?"

"Mwambie amwulize mwenyewe. Mtoto yuko hapa ndani, na yeye hana mwiko naye."

Hannah alitoka, akasimama kwenye mlango wa jiko kando ya mbuzi. Kahonzi alimwona mgongo tu, na ile shingo.

"Hannah," alisema Mwambire. "Kama wapo, nasema kama, nani aliyewaumba?"

"Mungu."

"Na kama hawapo?"

"Basi hakuwaumba, na sababu anaijua yeye."

"Na wewe wajua lipi?"

"Sijui, katekista. Ila nadhani yamkini wapo. Ni vingi mno vilivyoko huko juu."

"Na hilo yamkini, askofu akikuuliza, utamwambia?"

Kahonzi alishika pumzi. Gauni jeupe lilikuwa limetundikwa nyumbani, limepigwa pasi mpaka kitambaa kikaanza kung'aa.

"Akiniuliza nitamwambia," alisema Hannah. "Asiponiuliza, sitamtafuta."

Mwambire alishusha pumzi ndefu. Kigoda kikalia, alikuwa ameketi hatimaye, baada ya Kavumbi kumwachia.

"Basi ukimwambia, umwambie kwa sauti, si kwa kunong'ona kama mtu aliyeiba. Na kesho nitakuuliza maswali haya haya mbele ya wenzako, nawe ujibu vivi hivi, wasikie wale waliocheka. Kwa maana na mimi nilikuambia useme hakuna, na hilo silijui. Jina lako litasomwa."

Kahonzi alitoa pumzi yake ndani ya leso. Kisha akakumbuka.

"Na wewe Kavumbi," alisema, "ya ukasisi uliyoyasikia hapa, yaishie hapa hapa."

"Mimi? Mimi nimekuja kutazama paa. Aliyesikia ni mbuzi."

"Paa umelitazama?"

"Linavuja," alisema Kavumbi. "Nitakuja kesho."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kahonzi alikaa upande wa wanawake, pembeni, mahali ambapo akigeuza shingo kidogo tu angeweza kuficha uso mkwewe atakapopita. Kabla hajaingia, Mwambire alikohoa mlangoni, kama alivyofanya kila Jumapili, na Kahonzi akavuta leso. Nje alikuwa amekwisha kumsikia Charo na wenzake wakimwamkia, "Shikamoo, kasisi!" na Mwambire akijibu marahaba haraka haraka, kana kwamba jina lile halikumfikia. Kavumbi alikuwa amepanda mapaa matatu tangu Ijumaa, na la Kahonzi halikuwemo.

Majina yakasomwa. Jina la Hannah lilikuwa katikati, wala halikusomwa kwa haraka. Alitoka na gauni lake jeupe, akatembea na ile shingo, akapiga magoti.

Askofu alikuwa mzee aliyechoka kwa safari. Hakumtoa mtoto yeyote mbele, wala hakuuliza habari za uumbaji. Alimwinamia Hannah akamwuliza jina lake, Hannah akasema, "Hannah, baba askofu," kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliosimama madirishani. Askofu akatabasamu, akamwekea mikono, akaenda kwa mwingine. Yote waliyokesha nayo wiki ile yakapita kwa neno moja.

Kahonzi hakusikitika. Alipotoka nje alimwona Mwalimu Jedida amesimama peke yake chini ya varanda, ana wasiwasi kama mtu anayengojea kuitwa. Akamkamata mkono, akampeleka nyumbani kula wali wa mchele ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuchagua usiku wa jana yake, na ambao alikuwa ametoa ndani yake, kama alivyomwambia Jedida kwa furaha nyingi, fukusi wa kutosha kijiji.

Walikuwa wakila jikoni, wao wawili na Hannah, na mtetea mweupe amefungwa miguu kando akingoja kuchukuliwa, pale kikohozi kiliposikika penye mpapai. Kilikuwa kikavu, kifupi. Huenda alikuwa Mwambire amekuja kumchukua kuku. Huenda alikuwa Kavumbi amekumbuka paa siku ya Bwana. Hannah na Jedida walimtazama Kahonzi waone atasemaje.

Kahonzi alinawa mkono wake wa kulia bila haraka, akajitanda leso mpaka machoni, akaugeukia ukuta wa makuti.

"Karibu," alisema kwa sauti kubwa, "uwe nani uwaye."